Sikio Kabla ya Vidole: Mwanagenzi wa Gitaa na Skeli za Muziki

Utangulizi

Gitaa ni ala iliyoota mizizi nchini Kenya kiasi kwamba ni nadra kupata kwaya, ukumbi wa burudani au bweni la chuo kikuu ambako mlio wake haujapata kusikika. Licha ya umaarufu huo, mwanagenzi wa ala hii aghalabu hukumbwa na hali ya kutatanisha. Baada ya miezi kadhaa ya mazoezi, vidole vyake huweza kupanda na kushuka skeli kwa wepesi, tena pasi na kutazama. Hata hivyo, siku mwimbaji anapoanzisha wimbo katika ibada, harusi au matanga, bila ya kutangaza anaanzia wapi, mwanagenzi huyo hubaki ameikumbatia ala yake kimya huku wimbo ukimpita. Vidole vinajua njia, ila havijui vinakokwenda.

Makala haya yananuia kueleza chanzo cha hali hiyo na namna ya kuiepuka. Yanaanza kwa kufafanua maana ya skeli, kisha yanaonyesha jinsi skeli inavyopangika kwenye shingo ya gitaa, na hatimaye yanapendekeza mazoezi ya usikivu ambayo mwanagenzi anaweza kuyafanya peke yake. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba skeli ni mfumo wa kusikiwa kabla ya kuwa ramani ya vidole. Anayeifuata ramani bila ya kuusikia mfumo hujinyima kile hasa alichokitafuta alipoinunua ala, yaani uwezo wa kuimba na wenzake.

Skeli ni Nini?

Wanafunzi wa fonolojia wanaifahamu istilahi ya kidatu, yaani kiwango cha ujuu au uchini wa sauti. Katika muziki vilevile, kidatu hutegemea idadi ya mitetemo kwa sekunde. Uzi wa tano wa gitaa, ukipigwa bila ya kubanwa, hutetema mara 110 kwa sekunde. Ukibanwa katikati ya urefu wake, sehemu inayobaki hutetema mara 220. Sikio huzipokea sauti hizo mbili kama sauti moja iliyo katika vimo viwili, mithili ya mtu mzima na mtoto wanaoimba wimbo mmoja kwa pamoja. Umbali baina ya sauti hizo huitwa oktava.

Katika gitaa, oktava hugawanywa katika hatua 12 zilizo sawa. Kila hatua huitwa nusutoni, na nusutoni mbili hufanya toni moja. (Toni hii isichanganywe na toni ya kiisimu, ambayo hutofautisha maana za maneno katika lugha kama vile Dholuo na Gikuyu.) Skeli, basi, ni uteuzi wa baadhi ya vidatu hivyo 12, vikapangwa kutoka chini hadi juu kwa utaratibu maalumu. Skeli ya meja, ambayo ndiyo inayotangulia kufundishwa, huwa na sauti saba kabla ya kurudi ilikoanzia, na hatua zake hufuatana hivi: toni, toni, nusutoni, toni, toni, toni, nusutoni. Skeli ya mina katika umbo lake la kawaida hufuata utaratibu mwingine: toni, nusutoni, toni, toni, nusutoni, toni, toni.

Utaratibu huo unaweza kulinganishwa na upatanisho wa kisarufi. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa ngeli ili atambue kuwa “kitabu wangu” ni kosa. Sikio lake hulikataa tamko hilo kabla ya kusoma lolote kuhusu ngeli ya KI-VI. Isitoshe, neno “wangu” halina ila lenyewe, kwani penye “mtoto” ndilo linalofaa. Vivyo hivyo, hakuna kidatu kilicho kibaya peke yake. Sauti ya F shapu ni mwenyeji katika skeli ya G meja, ilhali ni mgeni katika skeli ya C meja. Yeyote aliyelelewa miongoni mwa nyimbo amekwisha kupata kiasi fulani cha umilisi huu. Anapomsikia mwimbaji “akitoka nje,” hukunja uso, ijapokuwa hawezi kulitaja kosa lenyewe.

Kwa hivyo, mwanagenzi anayedai kuwa “hana sikio la muziki” aghalabu hujidhulumu. Kila siku hutofautisha kauli “Amefika.” na swali “Amefika?” kwa kutegemea kiimbo tu, kwa kuwa maneno ni yale yale. Sikio lake tayari hufuatilia kupanda na kushuka kwa vidatu. Kinachokosekana ni mazoea ya kuvipa vidatu hivyo majina na kuvitafuta kwenye nyuzi.

Skeli Kwenye Shingo ya Gitaa

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Kuanzia ule mnene hadi ule mwembamba, vidatu vyake ni E, A, D, G, B na E. Wapigaji huzihesabu kwa kuanzia chini, hivi kwamba uzi mwembamba ndio wa kwanza na ule mnene ndio wa sita. Vijiti vya chuma vilivyokingamishwa kwenye shingo huitwa freti, na kila freti huupandisha uzi kwa nusutoni moja. Ndiyo sababu freti ya 12 huwa katikati ya urefu wa uzi, kwani hapo oktava hukamilika.

Skeli iliyo rahisi kuanza nayo ni ile ya C meja iliyo karibu na kichwa cha gitaa. Mpigaji huanza na C kwenye uzi wa tano, freti ya 3. Kisha huenda kwenye uzi wa nne na kupiga D bila ya kubana, E kwenye freti ya 2 na F kwenye freti ya 3. Kwenye uzi wa tatu hupiga G bila ya kubana, kisha A kwenye freti ya 2. Humalizia kwenye uzi wa pili, akipiga B bila ya kubana, na hatimaye C ya juu kwenye freti ya 1.

Baada ya kuizoea skeli hiyo, mwanagenzi anaweza kujifunza umbo linalohamishika, ambalo halitumii uzi wowote usiobanwa. Kidole cha kati huwekwa kwenye uzi wa sita, freti ya 3, ambapo pana G. Mpangilio ni huu: uzi wa sita, freti za 3 na 5, uzi wa tano, freti za 2, 3 na 5, uzi wa nne, freti za 2, 4 na 5. Hiyo ndiyo G meja kamili ya oktava moja. Umbo lilo hilo likisogezwa hadi kidole cha kati kikae kwenye freti ya 5, huwa A meja. Likianzishwa kwenye uzi wa tano, freti ya 3, huwa C meja. Umbo halibadiliki, ila makazi yake ndiyo yanayobadilika.

Urahisi huu ndio baraka ya gitaa, na pia ndio mtego wake. Katika kinanda, mwanafunzi anayehama kutoka C kwenda A hulazimika kuutambua mpangilio mwingine wa vibao vyeupe na vyeusi. Mpigaji gitaa anaweza kuhama bila ya kuelewa chochote, kwa kuwa vidole hurudia kazi ile ile. Anaweza hata kupiga skeli 12 za meja ilhali hawezi kuiimba moja. Tahadhari moja inafaa kutolewa hapa. Nyuzi zote zimeachana kwa nusutoni tano, isipokuwa ule wa tatu na wa pili, ambazo zimeachana kwa nne. Umbo hilo likivuka hadi uzi wa pili huharibika, na mpigaji asiyetumia sikio hushangaa kwa nini.

Solfa: Daraja Kati ya Sauti na Uzi

Njia iliyo karibu zaidi ya kuunganisha sikio na vidole ni solfa, ambayo Wakenya wengi wameikuta katika kwaya za shule na makanisa. Asili yake ni ya kale. Katika karne ya 11, mtawa Guido wa Arezzo, nchini Italia, alizipa sauti sita majina ya ut, re, mi, fa, sol na la, akiyatoa katika silabi za mwanzo za vipande vya utenzi wa Kilatini. Katika karne ya 19 huko Uingereza, Sarah Glover alibuni mbinu ya kuwafundisha watoto kuimba kwa silabi za namna hiyo, naye mhubiri John Curwen akaiendeleza na kuieneza. Wamishenari waliifikisha katika sehemu nyingi za Afrika, na hadi leo kuna wanakwaya wanaosoma solfa kwa ufasaha ijapokuwa hawajawahi kusoma nota za mistari mitano.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba katika solfa hii do huhama. Wimbo ukianzia C, C ndiyo do. Ukianzia A, A ndiyo do. Kinachotajwa ni uhusiano wa sauti na makao yake, wala si mahali pake kwenye ala. Curwen alieleza kuwa kila sauti ina tabia yake inapoimbwa taratibu: do ni thabiti, re huamsha, mi ni tulivu, fa huleta hali ya kicho, so inang’aa, la ina simanzi, nayo ti huchoma na kudai kurejea nyumbani. Mwanagenzi anaweza kulithibitisha jambo hili papo hapo kwa kuimba do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha anyamaze. Kimya hicho humkera kama sentensi iliyokatizwa kabla ya kitenzi. Sikio linadai do, na dai hilo ndilo sarufi yenyewe ya skeli.

Mazoezi ya Usikivu

Wahenga walisema kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mazoezi yafuatayo hayahitaji mwalimu wala gharama. Dakika 20 za kila siku zina manufaa kuliko saa tatu za Jumamosi moja, kwa kuwa sikio hujengeka kwa kurudiarudia.

Kwanza, nyuzi zilinganishwe kwa sikio. Uzi wa sita ukibanwa kwenye freti ya 5 hutoa A, ambayo ndiyo sauti ya uzi wa tano usiobanwa. Freti ya 5 ya uzi wa tano hutoa sauti ya uzi wa nne, na freti ya 5 ya uzi wa nne hutoa sauti ya uzi wa tatu. Kwa uzi wa tatu, freti ya 4 ndiyo inayotumika kupata sauti ya uzi wa pili. Kisha freti ya 5 ya uzi wa pili hutoa sauti ya uzi wa kwanza. Nyuzi mbili zinapokaribiana bila ya kulingana, mlio huyumba kama wimbi. Ikiwa mmoja unatetema mara 110 na mwingine mara 112 kwa sekunde, mlio huyumba mara mbili kila sekunde. Kadiri nyuzi zinavyokaribiana, ndivyo wimbi linavyopungua mwendo hadi likatulia. Programu za simu hufanya kazi hii kwa haraka, ila zinafaa zitumiwe kuhakiki jibu baada ya sikio kulitafuta.

Pili, sauti iimbwe kabla ya kupigwa. Mwanagenzi apige do tu, aimbe re kwa kinywa chake, kisha ndipo aipige re ili ajisahihishe. Aendelee hivyo hadi do ya juu, halafu ashuke. Baadaye aruke: kutoka do hadi mi, kutoka do hadi so, kutoka do hadi la. Zoezi hili huonekana la kitoto, ila ndilo linaloyavunja mazoea ya vidole kutangulia. Anayeona haya kuimba avumishe sauti mdomo ukiwa umefumbwa.

Tatu, aanze na sauti chache. Skeli ya sauti tano, yaani do, re, mi, so na la, haina nusutoni hata moja, na kwa hivyo si rahisi kupiga sauti inayokwaruza. Si haba nyimbo za watoto na za jadi zinazotoshelezwa na sauti hizo. Katika C, sauti hizo ni C, D, E, G na A. Mwanagenzi achague wimbo aujuao tangu utotoni, autafute kwa sauti hizi bila ya maandishi yoyote, na asiuache hadi autimize.

Nne, ajifunze kutofautisha meja na mina. Kitambulisho ni sauti ya tatu. Katika meja, iko freti nne juu ya makao. Katika mina, iko freti tatu. Mifano miwili iko karibu sana na wasomaji wa Afrika Mashariki. Wimbo wa Taifa wa Kenya, ambao lahani yake ilitokana na bembelezi ya Wapokomo na kutayarishwa na jopo la wanamuziki watano mwaka 1963, uko katika mina. Ule wa Tanzania, ambao lahani yake ilitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, uko katika meja. Kuivumisha mistari ya kwanza ya nyimbo hizo mbili, moja baada ya nyingine, humfunza mwanagenzi tofauti hiyo kuliko fasili yoyote. Aidha, humwondolea dhana kwamba mina ni huzuni tu, kwani wimbo wa Kenya una haiba na utukufu, wala hauliwazi waliofiwa.

Tano, na hili ndilo zoezi linalotatua tatizo lililotajwa katika utangulizi, atafute makao ya wimbo ulioanzishwa na mtu mwingine. Asikimbilie kupiga. Asikilize ubeti mmoja hadi mwisho, kwa kuwa nyimbo nyingi hutua kwenye do. Aivumishe sauti hiyo ya mwisho na kuishikilia kinywani. Kisha apande uzi wa sita freti baada ya freti, kwa mlio wa chini, hadi sauti ya uzi ilingane na ya kinywa. Akiipata, ahakiki kwa kupiga sauti iliyo freti saba juu yake, yaani so, ambayo haina budi kukubaliana na wimbo. Hatimaye ajaribu sauti ya tatu ili ajue kama ni meja au mina. Sasa lile umbo linalohamishika lina kazi, maana kidole cha kati kinajua pa kukaa. Mara za kwanza huenda wimbo ukaisha kabla hajapata jibu. Baada ya majuma kadhaa, ubeti mmoja hutosha.

Mapokeo ya Sikio Afrika Mashariki

Njia hii ya kujifunza si ngeni katika eneo hili. Mpigaji wa nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane, hana freti za kumwelekeza. Hulinganisha nyuzi zake kwa sikio, na uchezaji wa nyuzi hizo ni mojawapo ya chemchemi zilizoulisha mtindo wa benga ulipohamia kwenye gitaa. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alivuma kwa mtindo wa gitaa kavu uitwao omutibo. Kidole gumba hushughulikia besi na kile cha shahada hushughulikia lahani, huku mwenzake akigonga na kukwaruza chupa ya soda ili kuweka mapigo.

Mfano mwingine ni Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba pia kwa Kiswahili cha kwao. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, na santuri zake zikasikizwa na kuigwa na wapigaji wa Kenya. Miaka kadhaa baadaye, mapema katika miaka ya 1960, mtaalamu David Rycroft alichapisha uchambuzi wa upigaji wa Mwenda pamoja na nota zake. Kwa maneno mengine, kalamu ililifuata sikio. Hili halina maana kwamba maandishi hayafai. Bila ya kazi kama ya Rycroft, mengi yasingechunguzwa wala kufundishwa madarasani. Maana yake ni kwamba maandishi huhifadhi kilichokwisha kusikika.

Vikwazo vya Kawaida

Kikwazo cha kwanza ni haraka. Mwanagenzi hupima maendeleo yake kwa kasi ya vidole, ilhali skeli inayopigwa kwa kasi isiyosikika vyema huufundisha mkono makosa. Cha pili ni gitaa lenye nyuzi kuukuu au zilizo mbali mno na shingo, kwani hata freti sahihi hutoa sauti iliyopotoka, na sikio huzoea upotofu huo. Cha tatu ni kutegemea michoro ya freti pekee. Michoro hiyo humwonyesha mpigaji mahali pa kubana, lakini haimwambii sauti itakayotokea ni makao, ni njiapanda au ni mgeni. Cha nne ni aibu ya kuimba, na dawa yake ni kujizoeza mahali pa faragha hadi sauti ipate ujasiri.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa skeli ni utaratibu wa mahusiano ya vidatu, na kwamba mahusiano hayo husikika na kuimbika kabla ya kubanwa kwenye freti. Yameeleza jinsi gitaa linavyomrahisishia mwanagenzi kuhamisha umbo la skeli, na jinsi urahisi huo unavyoweza kumficha udhaifu wake. Yamependekeza pia mazoezi matano yanayolitanguliza sikio: kulinganisha nyuzi, kuimba kabla ya kupiga, kutumia sauti tano, kutambua meja na mina, na kutafuta makao ya wimbo.

Sikio halilali na njaa, walisema wahenga. Sikio la mwanagenzi wa gitaa nalo lina mlo wa kutosha: kwaya ya chuo, redio ya jirani, nyimbo za matatu na bembelezi za nyumbani. Ni jukumu lake kuzisikiliza kwa kuuliza swali moja kila mara: do iko wapi? Atakayelizoea swali hilo hatahitaji kungoja kutangaziwa wimbo unaanzia wapi. Wenzake watakapoanza kuimba, naye ataingia.